Kubebewa Mimba kwa Hiari Uingereza: Masharti Yanayolegea na Yasiyolegea

Kubebewa mimba ni mwanamke mmoja kubeba na kuzaa mtoto atakayelelewa na watu wengine waliomkusudia. Katika sheria ya Uingereza, mama wa mtoto ni mwanamke aliyembeba tumboni na kumzaa. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Utungishaji wa Mimba na Viinitete ya mwaka 2008 hakikuacha mwanya: yai laweza kuwa la mwanamke mwingine, gharama zaweza kuwa zimelipwa na watu wengine, na aliyezaa mwenyewe aweza kuapa kwamba mtoto si wake. Bado yeye ndiye mama. Ukilishika hilo, masharti mengine yote yanaanza kueleweka, kwa sababu karibu kila moja linahusu namna ya kuuhamisha uzazi huo kutoka kwa aliyezaa kwenda kwa waliokusudia kulea.

Watu wetu wengi wa Afrika Mashariki walioko huko huingia katika jambo hili kwa moyo safi. Wanasema hakuna anayenunua wala anayeuza, ni ndugu kwa ndugu, sheria itatufuata ya nini? Ni kweli kwamba kubeba mimba ya mtu kwa hisani si kosa Uingereza. Lakini kutokuwa kosa ni jambo moja, na mtoto kuwa wako kisheria ni jambo jingine kabisa. Katikati ya hayo mawili ndipo familia zinapoumia.

Tuchukue familia ya kubuni, yenye mambo ambayo wengi wetu tunayajua. Neema ni mzaliwa wa Moshi, mumewe Daudi ni Mkamba wa Machakos. Wanaishi mji wa Reading, Uingereza, na wote wawili wameshapata uraia wa huko. Neema alitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe na kuvuja damu, ila ovari zake zilibaki na mayai yapo. Esta, dada yake Daudi aliyeko Nairobi, anapiga simu: "Wifi, mimi nimeshazaa watatu na sikusumbuka hata mara moja. Huyo mtoto wenu nitawabebea mimi. Nyinyi shughulikieni hospitali tu." Kioko, mume wa Esta, amekubali. Wazazi wamebariki. Hakuna anayedai shilingi.

Kwanza tuone kilichokatazwa. Mwezi Januari 1985 Kim Cotton alijifungua jijini London mtoto aliyembebea mume na mke wa kigeni kupitia wakala, kwa malipo ya pauni 6,500. Magazeti yaliwaka moto, mtoto akazuiwa hospitalini mpaka jaji alipotoa uamuzi, na mwaka haukuisha kabla ya Bunge kupitisha sheria mahususi ya mipango ya kubebeana mimba. Sheria hiyo inamlenga dalali. Kuwatafutia watu mbebaji au kuwapatanisha, ikiwa ni kwa faida, ni kosa la jinai. Kutangaza kwamba unatafuta mtu wa kukubebea, au kwamba uko tayari kubeba, nalo ni kosa. Ndiyo sababu watu wengi hupita kwa mashirika yasiyo ya faida, kama COTS lililoanzishwa mwaka 1988 na Kim Cotton huyohuyo, au Surrogacy UK lililoanza mwaka 2002. Wakili anaweza kukueleza sheria inasemaje, lakini hawezi kulipwa ili akae katikati yenu na kuwaandikia mapatano.

Na hata mkiandikiana wenyewe, mapatano hayo hayana nguvu mahakamani. Neema hawezi kumshtaki Esta ili apewe mtoto, na Esta hawezi kumshtaki Daudi ili arudishiwe nauli aliyoahidiwa. Si kwamba karatasi haina maana. Mashirika yote huwataka watu waandike nani atakuwepo chumba cha kujifungulia, wataambizana nini vipimo vikionyesha tatizo, mtoto ataambiwa nini akikua. Inasaidia watu kuelewana mapema, na jaji akiiona anapata picha ya nia yenu. Ila haimfungi mtu.

Kwetu jambo hili linashangaza. Kwa Wakamba kuna desturi ya iweto, ambapo mwanamke asiye na mtoto huoa mwanamke mwenzake kwa mahari ili amzalie nyumba yake, na Wakurya wana desturi kama hiyo iitwayo nyumba ntobhu. Humo mahari na makubaliano ya ukoo ndiyo yanayosema mtoto ni wa nani. Daudi amekulia akijua kwamba wazee wakikaa na neno likakubaliwa, limekwisha. Uingereza neno la wazee halifiki popote. Kinachohamisha uzazi ni hati moja tu ya mahakama ya familia, ambayo hapa nitaiita amri ya uzazi. Ikitolewa, Esta na Kioko wanakoma kabisa kuwa wazazi, Neema na Daudi wanakuwa wazazi, na cheti kipya cha kuzaliwa kinaandikwa.

Masharti ya amri hiyo yako katika kifungu cha 54 cha sheria ileile ya 2008 kwa watu wawili, na 54A kwa mtu mmoja. Waombaji wawe na miaka 18 au zaidi. Wakiwa wawili, wawe wamefunga ndoa, au wamesajili ubia wa kiraia, au wanaishi pamoja kama wenza kwa uhusiano wa kudumu. Jinsia zao hazijalishi. Mseja alifungiwa mlango mpaka Januari 2019. Rais wa Mahakama ya Familia wakati huo, Sir James Munby, alikuwa amekataa kulisoma neno "wawili" kana kwamba ni "mmoja" katika kesi ya baba mmoja, kisha mwaka 2016 akatamka kwamba sheria hiyo inakiuka haki za binadamu, na Bunge likairekebisha. Mimba iwe imetungwa kwa njia ya kitabibu au kwa mbegu kuingizwa, si kwa kujamiiana. Mtoto awe anaishi na waombaji. Ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu azaliwe. Kisha kuna nasaba, makao ya kisheria, ridhaa na fedha, ambayo kila moja nitaieleza peke yake.

Anayesoma orodha hiyo kwa mara ya kwanza huogopa muda na fedha kuliko yote. Mimi ningemwambia aogope mengine. Majaji wameshaonyesha wazi ni masharti gani wako tayari kuyalegeza kwa ajili ya ustawi wa mtoto, na yapi mikono yao imefungwa.

Muda umelegea. Mwaka 2014, katika kesi ya mtoto aliyezaliwa India, Munby alipokea ombi lililoletwa zaidi ya miaka miwili baada ya mtoto kuzaliwa. Hoja yake ilikuwa kwamba Bunge halingeweza kukusudia mtoto akose wazazi wa kisheria maisha yake yote kwa sababu ya tarehe. Sharti la mtoto kuishi na waombaji nalo majaji wamelisoma kwa upana, hata pale wazazi walipokuwa wameshatengana.

Fedha nazo zimelegea, ingawa si kwa namna watu wanavyodhani. Sheria inasema asitoe wala asipokee mtu malipo au manufaa kwa ajili ya kubeba mimba, kukabidhi mtoto au kutoa ridhaa, isipokuwa gharama za busara zilizotumika kweli. Kiwango hakikutajwa popote. Nguo za ujauzito, nauli za kliniki, dawa na vitamini, mtu wa kumwangalia mtoto mdogo Esta akiwa hospitalini, pato alilolikosa kwa siku ambazo hakufungua biashara: haya yanaingia. Kikizidi, jaji ana mamlaka ya kukiidhinisha baada ya kuuliza kama watu walikuwa wakweli, kama mbebaji alinunuliwa hiari yake, na kama kumkatalia mtoto wazazi kungemsaidia nani. Katika hali nyingi ameidhinisha.

Hapa familia za Afrika Mashariki zina ugumu wao, na nautaja kwa sababu sijauona ukielezwa mahali pengi. Sisi hatutoi asante kwa bahasha. Tunalipa karo ya mtoto wa dada. Tunaezeka nyumba ya mama. Tunamwongezea mtaji mtu anayeuza mitumba Gikomba. Tuseme Daudi amekuwa akimlipia karo mtoto wa kwanza wa Esta tangu kidato cha kwanza, na mwaka wa mimba anaanza kumlipia na wa pili. Ile karo ya kwanza haihusiani na mimba, na taarifa za M-Pesa za miaka ya nyuma zitathibitisha. Hii ya pili itaulizwa. Si lazima iharibu jambo, lakini lazima ielezwe, na mwenye kueleza vizuri ni yule aliyetunza kumbukumbu tangu mwanzo: pesa za matumizi ya mimba zitumwe peke yake, kwa namba ileile, na kila zinapotumwa iandikwe ni za nini. Kinachomkasirisha jaji kuliko kiasi chenyewe ni kufichwa.

Sasa yale yasiyolegea. La kwanza ni nasaba. Angalau mmoja wa waombaji awe ametoa yai au mbegu. Mseja lazima awe ametoa yeye mwenyewe. Wanaotumia yai la kupewa na mbegu ya kupewa hawawezi kupata amri ya uzazi hata wakiwa na kila kitu kingine, na njia inayobaki kwao ni kuasili. Kwa Neema na Daudi hili ni jepesi, kwa kuwa mayai na mbegu ni vyao. Ila mayai ya Neema yasipofaa, la Esta haliwezi kutumika, maana ni dada wa damu wa Daudi. Ingehitajika mtoaji yai mwingine, na hapo nasaba ya Daudi peke yake ingetosha.

La pili ni makao ya kisheria, ambayo wanasheria huyaita domisili. Hili ndilo ninalotaka msomaji wa ughaibuni alisome mara mbili. Mwombaji, au mmoja wao kama ni wawili, lazima domisili yake iwe Uingereza, au visiwa vya Channel, au Isle of Man. Domisili si uraia. Si viza, si anwani, wala si miaka uliyolipa kodi. Kila mtu huzaliwa na domisili ya asili, ambayo kwa mtoto wa ndoa ni ile ya baba yake. Kwa hiyo Daudi alizaliwa na domisili ya Kenya na Neema ya Tanzania, na pasipoti ya Uingereza, iwe nyekundu au ya bluu, haikuibadilisha. Ili kupata mpya lazima uthibitishe mambo mawili kwa pamoja: kwamba unaishi Uingereza, na kwamba umekusudia kubaki huko moja kwa moja au bila kikomo.

Fikiria basi yale tunayoyasema kila siku. "Nikistaafu narudi nyumbani." Kiwanja Syokimau, msingi umeshamwagwa. Michango ya chama cha mazishi kinachosafirisha maiti hadi Machakos. Mahakama hutofautisha kati ya ndoto ya jumla ya kurudi siku moja, ambayo haizuii domisili mpya, na mpango halisi unaotegemea tukio linaloonekana, kama vile kustaafu ukiwa na miaka 65. Mpango wa aina hiyo waweza kukuacha na domisili ya ulikotoka hata baada ya miaka 20 ya kuishi Reading. Majaji huangalia nyumba iko wapi, watoto wanasoma wapi, wosia unasemaje, mtu amepanga kuzikwa wapi. Simwambii mtu aseme uongo. Maelezo haya hutolewa kwa kiapo, na uongo ungeweza kumponza kila upande. Ninachosema ni kwamba Neema na Daudi wakae chini na kujiuliza kwa ukweli kabisa ni yupi kati yao maisha yake yameshahamia kwa moyo wote, kwa sababu mmoja anatosha, na asipopatikana hata mmoja, mahakama haina mamlaka ya kutoa amri hiyo.

La tatu ni ridhaa. Esta lazima akubali, kwa hiari na akielewa anachokikubali, na ridhaa yake haihesabiki ikitolewa kabla ya wiki 6 tangu kujifungua. Kioko naye lazima akubali, kwa sababu nitakayoieleza punde. Ikiwa mtu hapatikani baada ya juhudi za kweli, au hana uwezo wa kiakili wa kuamua, jaji anaweza kuendelea bila yeye. Lakini mtu akiwepo, ana akili timamu, na akasema hapana, mambo yanasimama. Katika kesi moja iliyoamuliwa na Jaji Theis mwaka 2016, mapacha walikuwa wanaishi na wazazi waliowatarajia, wa damu yao, na mbebaji na mumewe hawakuwataka watoto. Walikataa tu kutia saini, kwa kuwa waliona hawakujaliwa wakati wa matatizo ya ujauzito. Jaji hakuweza kutoa amri. Ombi lilisimamishwa bila tarehe, na watoto wakaendelea kulelewa na watu ambao si wazazi wao kisheria.

Kesi hiyo inanifundisha kitu kuliko vifungu vyote. Watu walikosana kuhusu namna mjamzito alivyotunzwa, si kuhusu mtoto. Esta akilazwa Nairobi kwa shinikizo la damu katika mwezi wa saba na wifi yake asipige simu kwa siku tatu, hilo si jambo dogo la kifamilia. Laweza kufika mpaka kwenye saini.

Turudi kwa Kioko. Sheria ya Uingereza inamhesabu mume wa mwanamke aliyezaa kuwa baba wa kisheria, isipokuwa ithibitike kwamba hakuridhia mke wake kupandikizwa kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa. Kanuni hii inavuka mipaka: kwa macho ya London, mtoto aliyezaliwa Nairobi na Esta, kwa yai la Neema na mbegu ya Daudi, ni wa Esta na Kioko. Daudi ni mjomba wake tu. Kama ndoa ya Esta ni ya kimila na haijasajiliwa, wakili atataka kujua ilifungwaje na kama inatambulika, kwa sababu jibu linabadilisha ni nani aliye baba.

Kutokana na hapo uraia unapinda kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Mtoto aliyezaliwa nje hupata uraia wa Uingereza kwa baba, na baba hapa maana yake ni mume wa aliyezaa. Esta akiwa na mume, mtoto hazaliwi Mwingereza, hata vipimo vya DNA vikionyesha asilimia karibu mia kwamba ni damu ya Daudi. Itabidi waombe asajiliwe kwa hiari ya Wizara ya Mambo ya Ndani, au apewe ruhusa ya kuingia, kisha amri ya uzazi ikitolewa Uingereza na mmoja wa waombaji ni raia, mtoto anakuwa raia siku hiyo. Esta angekuwa hana mume, Daudi aliyepata uraia kwa kuomba angetambulika kama baba na mtoto angezaliwa raia. Yaani dada aliyeachika au mjane, ambaye wazee wangemwona si chaguo la kwanza, kisheria ndiye mwenye njia fupi.

Mwaka 2008 Jaji Hedley alieleza hali ya mapacha waliozaliwa Ukraine kwa mume na mke Waingereza: sheria ya Ukraine ilisema wazazi ni Waingereza, ya Uingereza ikasema wazazi ni Waukraine, na watoto wakabaki hawana nchi wala wazazi, huku mume na mke hawawezi kukaa Ukraine wala kuwaleta nyumbani. Waliokolewa kwa ruhusa ya kipekee ya kuingia.

Kenya, mpaka sasa, hospitali humwandika aliyejifungua katika taarifa ya kuzaliwa, na cheti hufuata hapo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisikiliza kesi iliyoanza pale hospitali ilipokwama ni nani aandikwe mama, ikawaita maafisa wa huduma za watoto, nao wakawachukua watoto wachanga na kuwapeleka kwenye makao ya watoto. Jaji David Majanja aliona wazi kwamba pengo ni la sheria yenyewe. Muswada wa teknolojia ya kusaidia uzazi wa mwaka 2022, ulioletwa na mbunge Millie Odhiambo, unakusudia kuliziba kwa kuruhusu kubebeana kusiko kwa biashara. Hata hivyo, sheria ya Kenya ikibadilika namna gani, Uingereza itaendelea kuuliza swali lake lilelile: nani amezaa?

Wapo wanaofikiria nchi nyingine. India, ambako watu wetu wengi huenda kutibiwa, imefunga: sheria yake ya 2021 inaruhusu kubebewa bila malipo tu, na mume na mke wa kigeni hawamo. Afrika Kusini imechagua njia ninayoipenda zaidi, kwa kuwa mapatano hupelekwa Mahakama Kuu na kuthibitishwa kabla ya kupandikiza chochote, na mtoto huzaliwa akiwa tayari wa wazazi watarajiwa. Lakini nayo inadai domisili ya kwake. Wasomaji Waislamu watakuwa na swali lao la kidini pia. Mabaraza makubwa ya fiqhi yamekataa kubebeana mimba, na amri ya mahakama ya London hailijibu swali hilo.

Na kama Esta angekuja Reading? Angehitaji viza inayosema ukweli wa safari yake, na mgeni wa matembezi hutozwa na NHS, yaani huduma ya afya ya umma, asilimia 150 ya gharama za kawaida za uzazi, ingawa hawezi kukataliwa huduma kwa kukosa fedha za kutanguliza. Mtoto akizaliwa huko, bado mama ni Mkenya na baba ni Kioko, kwa hiyo uraia bado unasubiri amri. Faida yake ni kwamba Neema yupo chumbani siku ya kujifungua, na mtoto yuko ndani ya nchi tangu siku ya kwanza.

Siku hizo za mwanzo zina mambo yake. Esta ndiye mwenye kauli kuhusu matibabu ya mtoto. Akizaliwa England, ni yeye anayekwenda kwa msajili ndani ya siku 42, na cheti cha kwanza kinatoka na jina lake na la Kioko. Wiki hizi 6 ni chungu kwa wengi: Neema anaamka saa tisa usiku kunyonyesha kwa chupa, na kwenye kliniki ya chanjo anaulizwa yeye ni nani wa mtoto. Ombi la amri hujazwa katika fomu C51, na kwa England afisa kutoka Cafcass, shirika la ustawi wa watoto katika mahakama za familia, huja nyumbani, huzungumza na kila mmoja na kumwandikia jaji ripoti. Esta akiwa Nairobi, ridhaa yake huwekwa saini mbele ya wakili mthibitishaji, baada ya zile wiki 6. Kazini, tangu Aprili 2015, mmoja wa wazazi watarajiwa walioajiriwa anaweza kupata likizo ileile ya anayeasili, hadi wiki 52, na mwenzake likizo ya baba. Mbebaji aliyeajiriwa Uingereza ana likizo yake kamili ya uzazi. Hapungukiwi kwa kuwa hakubaki na mtoto. Mtoto naye akifika miaka 18 anaweza kuomba cheti chake cha kwanza, kwa hiyo hakuna familia inayopaswa kujenga maisha yake juu ya siri.

Mabadiliko yamependekezwa. Mwezi Machi 2023 tume za sheria za England na Wales na ya Scotland zilitoa ripoti na rasimu ya muswada: wanaokubaliwa na shirika lililosajiliwa kabla ya mimba wawe wazazi tangu mtoto anapozaliwa, huku mbebaji akibaki na haki ya kubadili nia mpaka wiki 6 baada ya kuzaa. Serikali ya wakati ule ikasema haina nafasi katika ratiba ya Bunge. Nadhani pendekezo hilo ni la haki kwa pande zote, na linasikitisha kila mwaka linapokaa kabatini.

Kwa jinsi mambo yalivyo, Neema na Daudi waanze kwa maandishi ya wakili kuhusu domisili ya kila mmoja wao, kabla ya kliniki yoyote kulipwa. Baada ya hapo azungumzwe Kioko peke yake, mbali na shemeji zake, aelezwe kwamba ataandikwa baba na kwamba bila saini yake hakuna amri. Kukubali kwake kwa simu mbele ya ukoo hakutoshi. Ndipo ifuate kliniki, vipimo, na ushauri nasaha kwa wote wanne. Na kabla kiinitete hakijapandikizwa, wosia mpya wa Neema na Daudi, kwa sababu mpaka amri itolewe mtoto huyu hamrithi Neema wala Daudi kwa sheria asipotajwa, pamoja na bima ya maisha ya Esta. Anao watoto watatu, na bima hiyo huhesabiwa miongoni mwa gharama halali.